Brashi ya nyuzi za shaba badala ya kaboni, ringi ya ampea 200: naitengenezaje na naipimaje?

FundiRola (Chang'ombe)

Wakuu, habari za kazi.

Nina mashine ya kuchovya rola za chuma kwa nikeli. Rola kubwa ina kipenyo cha mm 160 na urefu wa mita 1, inaning'inia wima ndani ya tangi, shafti imetokea juu. Eneo lake ni kama desimita mraba 50, kwa hiyo kwa ampea 4 kwa kila desimita mraba nahitaji ampea 200. Rektifaya (kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC) ni ya volti 6.

Umeme wa hasi unaingilia kwenye ringi ya shaba iliyo juu ya shafti: kipenyo mm 120, upana mm 40, mizunguko 15 kwa dakika, upande mmoja tu, haigeuzi. Sasa hivi zimekaa brashi 8 za kaboni, vipande vinavyoigusa ringi ikizunguka na kuipa umeme, sm mraba 2.5 kila moja. Nimepima kutoka mkia wa kaboni (waya wake wa umeme) hadi kwenye ringi, napata volti 1.1 nikiwa ampea 160, na rektifaya haisogei zaidi ya hapo. Wati 176 zinaishia kwenye ringi, na nikeli inachelewa.

Nataka brashi ya nyuzi za shaba. Ya majaribio nimeikata kwenye kebo ya welding nikailehemu kwenye kikombe. Lehemu imepanda mpaka karibu na ncha, imekuwa ngumu kama brashi ya kusugulia kutu na inachora ringi.

Maswali: nyuzi za unene gani, nazishikaje bila lehemu kupanda, niisukume kwa nguvu kiasi gani, na nijue vipi imefaulu kabla sijaifunga kwenye mashine? Natanguliza shukrani.

---

Kereza_Gerezani

Mkuu, kabla hujaanza kuhesabu nyuzi, tafuta kaboni zenye shaba nyingi, zile za staata za magari. Zimejaa Gerezani na Kariakoo. Ukizikata zikae kwenye vishikio vyako, upotevu unashuka chini ya nusu volti. Hizo ulizonazo nadhani ni za mota ya kawaida, zile nyeusi tii, na hizo kula volti nzima ni tabia yake, siyo ugonjwa.

Halafu hakikisha shafti haigusani na fremu kupitia beringi. Ikigusana, sehemu ya umeme wako inapita kwenye gololi na beringi inachimbika.

---

Nyuzi_na_Ringi

Ushauri wa Kereza ni mzuri kama una haraka. Lakini kwenye volti 6 hata hiyo nusu volti ni hasara, na hapa ndipo brashi ya nyuzi inapostahili taabu yake. Kwenye mota ya volti 220 nisingekushauri uhangaike nayo.

Kwanza ujue kwa nini inafanya kazi, maana ukilikosa hilo utaharibu kila hatua. Kaboni ni kipande kimoja kigumu, kinagusa ringi kwenye madoa machache tu, na umeme wote unajibana humo. Nyuzi elfu tatu zinagusa sehemu nyingi mno, kila moja kwa nguvu ndogo. Katikati ya shaba na shaba kuna utando mwembamba sana wa maji yatokanayo na hewa. Umeme unaupenya, na wakati huohuo ndio unaozuia shaba ising'ang'anie shaba. Doris Kuhlmann-Wilsdorf wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, aliyezichimbua brashi hizi kwa miaka mingi, alikuwa akihesabu kwa msingi huohuo. Kwa hiyo adui zako ni wawili: nguvu kubwa inayopasua huo utando, na uchafu unaokaa mahali pake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukinzani wa utando ni kama 10⁻¹² omu mara mita mraba. Ukisukuma brashi kwa nyutoni 1 kwenye shaba yenye ugumu wa kama gigapaskali 1, eneo linalogusana kweli ni 10⁻⁹ m². Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata miliomu 1 kwa brashi. Weka brashi 4 sambamba: miliomu 0.25. Kwa ampea 200 hiyo ni milivolti 50 na wati 10 tu. Linganisha na wati 176 ulizonazo sasa. Ndani ya nyuzi zenyewe ukinzani ni kama mikroomu 10 kwa brashi, usijisumbue nao.

Nyuzi. Kebo ya welding ilikuponza. Uzi wake ni wa karibu mm 0.2. Ugumu wa kupinda unakwenda kwa kipenyo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo uzi wa 0.2 ni mgumu mara 39 kuliko wa 0.08. Haujipindi kufuata ringi, unachora. Unataka mm 0.05 hadi 0.1.

Njia rahisi Dar ni waya laini wa ganda la silikoni unaotumika kwenye betri za droni na magari ya kuchezea. Ule wa AWG 10 (namba ya unene wa waya) una nyuzi 1050 za mm 0.08. Vipande vitatu kwa brashi moja vinakupa nyuzi 3150, yaani shaba ya karibu mm² 16. Kwenye kikombe cha mm 10 kwa 10 hiyo ni asilimia 16 shaba, iliyobaki hewa. Lenga kati ya 10 na 20. Ukijaza zaidi ya hapo nyuzi zinabanana zinakuwa kipande kimoja, na umerudi kwenye kaboni kwa njia ndefu. Kwa brashi 4 unahitaji vipande 12 vya mm 35: nunua mita moja, ibaki ya kuharibu.

Angalia mambo matatu. Waya wa spika wa bei poa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi kwa wembe, ukiona weupe ndani achana nao. Nyuzi za waya wa silikoni zimepakwa bati, hilo halina neno, kwa sababu kinachogusa ringi ni ncha iliyokatwa na ndani ni shaba. La tatu ni silikoni yenyewe: baki lake ni sumu kwa mguso wowote wa umeme, linaacha utando usiopitisha. Chuna ganda lote kwanza, kisha osha nyuzi mara mbili kwa petroli safi, mara ya tatu kwa spiriti. Kwa sababu hiyohiyo usitumie gundi ya silikoni popote karibu na ringi.

Waya wa kufungia mota nao unafaa kwa unene (SWG 44, namba nyingine ya unene wa waya, ni mm 0.081), lakini una vanishi. Ile ya rangi ya kahawia iliyokolea haitoki kwa moto wa kulehemu, na kuikwangua kwenye nyuzi elfu tatu ni adhabu.

Kuzipa uspringi. Nyuzi hizi zimetoka kiwandani laini. Zikipinda hazirudi. Baada ya kuchuna ganda, shika kipande cha nusu mita kwenye jiliwa, upande wa pili funga kwenye winchi ndogo, uvute taratibu mpaka kirefuke kwa asilimia 10, yaani sm 50 iwe 55. Kwa AWG 10 itahitaji nguvu ya kama kilo 100, kwa hiyo simama pembeni, siyo mbele ya waya. Shaba iliyovutwa hivyo inakuwa ngumu kwa kiasi kizuri. Baada ya hapo usiipitishe kwenye moto tena isipokuwa pale kwenye kitako.

Kikombe na lehemu. Kunja bati la shaba njano la mm 0.8 upate kikombe cha ndani mm 10 × 10, kina mm 8. Kata vipande, fungua msokoto kwa vidole, lakini usizinyooshe kabisa. Ule mwenendo wa mawimbi uliobaki ndio unaotenganisha uzi na uzi. Changanya vipande vitatu viwe fungu moja.

Ili lehemu isipande: paka tipeksi, ile ya kufutia maandishi, mkanda wa mm 4 kuzunguka na kupenya fungu, kuanzia mm 6 kutoka kwenye kitako. Iache ikauke kabisa. Juu ya mkanda huo bana vipande viwili vya alumini kwa koleo. Lehemu haishiki alumini, na alumini pia inanyonya joto. Paka flaksi (dawa ya kufanya lehemu ishike) ya ute kitakoni tu, kidogo, maana flaksi ya maji inapanda yenyewe na lehemu inaifuata. Tia lehemu kwenye kikombe kwanza, iyeyushe, zamisha kitako mm 5, ondoa moto mara moja. Ikipoa, sugua tipeksi kwa mswaki mkavu, kisha osha kwa spiriti.

Urefu wa nje. Acha mm 8 tu. Uzi unapinda kwa urefu kwa kipeo cha tatu. Wa mm 8 chini ya msuguano wa kawaida unalala kama mm 0.07, wa mm 20 unalala zaidi ya mm 1, na nyuzi zinaanza kugusa kwa ubavu badala ya ncha.

Kuchonga uso. Ukizipiga msasa zikiwa huru zinakimbia. Yeyusha nta ya mshumaa, zamisha nyuzi, acha igande. Sasa una tofali. Funga msasa namba 400 kwenye ringi yenyewe, sugua tofali mpaka lipate mviringo wa ringi, malizia kwa 800. Kisha chemsha kwenye maji ya moto, nta ipande juu, toa, osha kwa petroli mara mbili. Hatua hii watu wanairuka, halafu wanalalamika brashi ina miliomu 20. Nta iliyobaki haionekani kwa macho ila mita inaiona.

Kufunga. Elekeza nyuzi ziburutwe, zisisukumwe: digrii 15 kufuata mzunguko. Kwako inawezekana kwa sababu hugeuzi. Sukuma kwa gramu 100 (karibu ile nyutoni 1) kwa kila brashi. Kaboni inataka gramu 180 hadi 250 kwa kila sm mraba. Nguvu hiyo ukiiweka hapa nyuzi zinatanuka kama ufagio wa chelewa uliochoka. Tumia mkono wenye uzito mdogo mwishoni, siyo springi, ili nguvu isibadilike brashi inapopungua. Pima kwa mzani wa jikoni: weka mzani mahali pa ringi, soma.

---

Kereza_Gerezani

Hapo kwenye ringi niongeze. Ikereze iwe na mchezo (kuyumba ikizunguka) chini ya mm 0.05, pima kwa saa ya kupimia ikiwa imefungwa kwenye shafti yake, siyo kwenye mashine ya kukereza. Maliza kwa msasa 1000 mkavu, bila mafuta. Yenye mchezo mkubwa itarusha brashi ya gramu 100 na utaona cheche kila mzunguko.

Weka pia sahani ya plastiki chini. Unga wa shaba unapitisha umeme, na ukirundikana kati ya ringi na fremu umetengeneza njia nyingine bila kujua.

---

Milivolti

Upande wa vipimo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanajidanganya.

Mita ya kawaida kwenye omu haiwezi kusoma miliomu 1. Nyaya zake peke yake zina zaidi ya hapo mara mia. Pitisha umeme unaoujua, soma milivolti. Kwa benchi usitumie rektifaya yako, ina mawimbi. Chukua betri ya gari na taa mbili za hedilaiti za wati 55 sambamba: inakupa karibu ampea 9, tulivu kabisa. Pima ampea halisi kwa shanti (kipande chenye ukinzani mdogo unaojulikana), usikisie.

Nyaya za kusomea ziwe tofauti na za umeme. Moja ilehemu kwenye kikombe cha brashi. Ya pili ndiyo yenye ujanja: ringi inazunguka, utaigusaje? Tengeneza kibrashi kidogo cha pembeni, nyuzi 200 hivi, kiguse ringi upande mwingine, kisipitishe umeme wowote isipokuwa wa mita. Kwa kuwa hakibebi mkondo, hakipotezi volti, kwa hiyo mita inasoma ringi yenyewe. Ukisomea kwenye shafti unajumlisha na ukinzani wa kifungio cha ringi, utaisingizia brashi.

Kwa ampea 9 na miliomu 1 unatarajia milivolti 9. Skeli ya 200 mV ya mita yoyote nzuri inatosha. Geuza nguzo za betri, soma tena, chukua wastani, ili joto la viungio lisikudanganye.

Mwanzoni itasoma juu kwa sababu ncha chache ndizo zinazogusa. Iache izunguke bila umeme saa moja, kisha upime. Isiposhuka chini ya miliomu 2, rudi kwenye kuosha kabla hujaongeza uzito. Kuongeza uzito kunaficha uchafu kwa siku mbili tu.

Kisha badili mita iwe kwenye AC, ileile skeli ya milivolti. Soma ringi ikiwa imesimama, soma ikiwa inazunguka. Ikipanda sana ikizunguka, brashi inaruka.

Kikomo cha kukumbuka: shaba inaanza kulainika mguso ukifika volti 0.12, na inayeyuka kwenye 0.43. Hayo ni ya shaba, hayategemei nani kaitengeneza. Kwa hiyo brashi yoyote kati ya zile nne ikisoma zaidi ya milivolti 100 kwenye mzigo kamili, haijafaulu hata kama haitoi cheche. Na usipime jumla tu. Pima kila moja. Ikiwa moja inabeba ampea 90 na nyingine 20, ya kwanza itakufa, kisha ya pili inafuata. Nyaya za mikia ziwe za urefu sawa.

Kuchakaa: ringi yako inasafiri mita 0.377 kwa mzunguko. Mizunguko 15, saa 8, siku 300, ni kilomita 814 kwa mwaka. Izungushe kwa mota kwenye benchi kwa mizunguko 300 kwa dakika na unapata karibu kilomita 6.8 kwa saa, yaani mwaka mzima wa kazi ndani ya saa 120. Huhitaji zote. Saa 24 ni kilomita 163. Brashi ikipungua mm 0.16 hapo, imekwenda kwa kiwango cha 10⁻⁹ (urefu uliolika ukigawanywa kwa umbali uliosafiri), itapoteza mm 0.8 kwa mwaka, nzuri sana kwa kazi ya mkono. Uzito uliopotea ni kama miligramu 22, kwa hiyo mzani wa sonara wa gramu 0.01 unaanza kuhisi. Ukiona gramu 0.2, ni mara kumi zaidi, utabadilisha brashi kila miezi minne na bado inaweza kukulipa.

---

FundiRola (Chang'ombe)

Asanteni sana wakuu. Nimefanya moja kama alivyoelekeza Nyuzi_na_Ringi. Ampea 8.8, milivolti 31 mwanzo; baada ya saa moja 14; nikaosha tena kwa petroli na spiriti, 10.5. Yaani kama miliomu 1.2.

Ila nimeiacha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi inasoma milivolti 60 mzunguko wa kwanza, inashuka baada ya dakika tano. Ringi ina madoa ya kijani kidogo. Nifunike na kupuliza hewa ya kompresa?

---

Nyuzi_na_Ringi

Usipulize hewa ya kompresa. Ikiwa imekaushwa, inaondoa ule utando wa maji, na nyuzi zinaanza kung'ang'ania. Ikiwa haijakaushwa, inaleta mafuta. Unyevunyevu wa Dar ni rafiki yako hapa. Tatizo ni kilichomo ndani yake. Una vitu viwili: chumvi ya baharini, na mvuke wa tangi unaopanda moja kwa moja, maana ringi iko juu yake. Nikeli yako ina kloraidi pia, na kloraidi juu ya shaba ndiyo hiyo kijani.

Weka sahani ya plastiki pana kwenye shafti, kati ya tangi na ringi, izunguke nayo, kipenyo angalau mm 300. Zungushia ringi kisanduku chenye feni ndogo ya kompyuta inayovuta hewa kutoka upande wa mlango, siyo wa tangi, na kitambaa mbele yake. Wikendi inua brashi ziachane na ringi, funika kwa mfuko. Zikiachwa zimegusa, kutu inaota hasa pale kwenye ncha.

Na usiwashe ampea 200 kwenye mzunguko wa kwanza wa Jumatatu. Zungusha dakika tano bila umeme kwanza. Milivolti 60 kwa ampea 8.8 ni miliomu karibu 7. Brashi nne zikiwa hivyo, kwa ampea 200 unafika volti 0.34, shaba imeshalainika.

---

Milivolti

Ukitaka kumaliza kabisa suala la kijani, chovya ringi kwa fedha, mikroni 20 hivi. Fedha haifanyi kutu nzito kwenye hewa ya kawaida, na nyuzi za shaba zinakwenda nayo vizuri. Lakini dawa ya kuchovya fedha huwa na sianidi. Usiifanyie kwenye karakana moja na tangi lako la nikeli, ambalo ni la tindikali: vikichanganyika hata kwa ndoo au kitambaa kimoja vinatoa gesi inayoua. Peleka kwa anayeifanya kila siku.

Brashi zako zikiwa nne, leta vipimo vya kila moja kwenye ampea 200, nne tofauti, na AC pia.